Imejaa, Tumeiacha: Kuzunguka Ziwa na Madaftari ya Baba

Alhamisi, Kirumba

Baba hakuwa na kamera. Nalisema mapema kwa sababu kila niliyemweleza kwamba tunaenda kuzirudia safari za utotoni kwa kufuata kumbukumbu za baba aliniuliza, "Picha mnazo?" Picha hatuna, ukiacha zile chache za studio tuliposimamishwa mbele ya pazia lenye maua, tumepakwa mafuta hadi magotini.

Alichokuwa nacho ni kaunta buku za kwaya tatu na uji wa muhogo. Uji ulikuwa ndio gundi. Alibandika tiketi za feri, risiti za petroli, lebo za soda, ganda la kibiriti, karatasi ya sabuni, kipande cha gunia chenye alama ya marobota ya pamba, unyoya wa kanga. Pembeni aliandika maneno machache kwa mwandiko ulioegemea kushoto: mahali, saa, kilichoharibika. Mende wameupenda sana ule uji, kwa hiyo kurasa nyingi zina matundu. Mahali pengine tiketi imebaki na neno limeliwa, pengine neno limebaki peke yake.

Alikuwa fundi wa mashine za jineri, vile viwanda vya kuchambua pamba. Ununuzi wa pamba ukishafunguliwa, jineri za kandokando ya Ziwa Victoria zinaamka kwa pamoja na kuharibika kwa pamoja, na yeye anakabidhiwa Land Rover na boksi la spana azunguke. Shule nazo zinafungwa Juni. Mama aliona mume anapotea mwezi mzima huku watoto wanamlia kichwani, akaamua kwamba kama ni kupotea tutapotea wote. Hapo ndipo safari zetu zilipoanzia. Sisi tuliziita matembezi.

Mihuri peke yake inatosha kukupa historia. Karatasi za 1975 zina muhuri wa Nyanza, chama kikuu cha ushirika. Mwaka 1976 serikali ikavifuta vyama vikuu, na kuanzia hapo mihuri ni ya Mamlaka ya Pamba. Ukifika 1984 Nyanza imerudi, na mwaka umetiwa kwenye jina lake. Kazi ya baba haikubadilika hata kidogo. Anaandika rola, mkanda, bearing, rola, mkanda, kana kwamba huko ofisini hakujatokea jambo.

Gari ni Noah ya mdogo wangu. Mama, mwenye miaka 79, anakaa mbele. Humwita mdogo wangu "shemeji", kwa sababu amerithi jina la baba mdogo aliyekufa maji kabla sisi hatujazaliwa. Mtu asiyejua akimsikia bibi kizee anamgombeza mwanawe, "Shemeji, punguza mwendo," hucheka, na sisi tumeshazoea kuelezea. Jioni hii amefunga matobolwa (viazi vitamu vya kukausha), karanga na chupa mbili za chai. Nimemwambia njiani kuna hoteli kila mahali. "Najua," akasema, akaongeza mfuko mwingine wa karanga.

Ijumaa, Mwanza hadi Lamadi

Tumetoka saa 12 asubuhi kwa Barabara ya Musoma. Tulipofika Igoma, Mama akaomba redio izimwe. Pale yapo makaburi ya waliokufa kwenye MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, meli ikiwa karibu kabisa kufika Mwanza. Hatukusimama. Redio ilibaki imezimwa hadi Kisesa.

Kisesa tukakata kwenda Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma aliyoyaanzisha padre David Clement kutoka Kanada. Kuna jengo lenye umbo la kiti cha mtemi, na mdogo wangu, ambaye utotoni alilipanda na kuchapwa, alilizunguka kwa heshima. Ukurasa wa Bujora una kipande cha utepe mwekundu na maneno haya: "Bulabo. Bagika wameshinda. Mama anabisha." Bulabo ni sherehe za Juni ambapo vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, hushindana siku nzima, na mshindi ni yule aliyewavuta watu wengi upande wake.

Nikamsomea Mama.

"Walishinda Bagalu," akasema.

"Baba ameandika Bagika."

"Baba yako alikuwa amekaa upande wa Bagika. Angeona nini?"

Mzee mmoja wa pale, aliyekuwa akifagia, alimwamkia "Mwangaluka, mayu," akaulizwa na yeye yuko upande gani. Akajibu kwa busara kwamba yeye ni mfagiaji.

Magu tumepita bila kusimama, baada ya Mto Simiyu. Mashamba ya pamba yalikuwa meupe pande zote mbili, na kwenye vituo vya ununuzi watu wamekalia mizigo yao wakingoja mizani. Nassa, ambako baba alikuja karibu kila msimu, daftari lina kurasa nyingi kuliko mahali pengine popote upande huu, na karibu zote ni za kuchosha: namba za vipuri, urefu wa mikanda. Kwenye mmoja tu kuna jani la mti lililokauka na neno "Kivuli." Ni la mwaka 1979. Nadhani nimelielewa.

Sasa Lamadi. Hapa nina jambo la kurekebisha katika hadithi za familia.

Watoto wangu wamekua wakisikia kwamba babu yao alikuwa mtu wa kupenda wanyama, kwamba mwaka 1980 alitupeleka Lamadi makusudi tukaone nyumbu, tukalala huko, tukaota moto. Nyumbu niliwaona kweli. Juni ni mwezi ambao makundi yao huwa yamefika magharibi ya Serengeti, na lango la Ndabaka liko hapa hapa jirani, barabara inapita kando ya hifadhi. Nakumbuka vumbi lao na ule mlio wao wa kukoroma. Ukurasa wenyewe, hata hivyo, una kibali cha kuendesha gari siku ya Jumapili, tarehe ya mwisho imepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Ilikuwa miaka ya shida ya mafuta, na Jumapili ikishafika saa 8 mchana magari yalitakiwa yalale, ila yenye ruhusa maalumu. Chini ya kibali baba ameandika: "Kimeisha jana. Saa 8 imetukuta Lamadi. Tunalala. Watoto wameona nyumbu, wamefurahi. Mimi nimeona polisi."

Mama alicheka mpaka akatoa miwani. Anakumbuka kwamba tulilala ndani ya Land Rover, watoto juu ya magunia, na kwamba baba hakufumba macho kwa kuhofia spana zitaibwa.

Leo Lamadi ni mji wa njiapanda, malori ya kwenda Bariadi na mabasi ya Musoma, nyumba za wageni zenye taa za rangi. Tulichoona ni nyani waliokaa kando ya lami wakisubiri maganda ya ndizi. Tumepata chumba kisafi. Mama amekagua shuka kabla ya kukubali bei.

Jumamosi, Lamadi hadi Nansio

Bunda tulikunywa chai na chapati, kisha tukaingia kushoto kuelekea Kibara na Kisorya. Ukurasa wa barabara hii wa mwaka 1978 unasema: "Bunda saa 2. Kisorya saa 9. Springi." Hakuna zaidi. Sisi tumefika Kisorya mfuko wa kwanza wa karanga haujaisha, lami ikiwa imenyooka chini ya tairi. Kibara nayo ilikuwa na jineri kwenye orodha yake. Tuliipita mdogo wangu akiwa kwenye mwendo mzuri na hakuna aliyetaka kumkatisha.

Kisorya ndipo kivuko cha kwenda Rugezi, upande wa Ukerewe. Feri ilikuwa ng'ambo. Tukapanga gari kwenye foleni, tukashuka, na mimi nikafungua kurasa za samaki.

Baba aliandika kila samaki aliyenunua feri inaposubiriwa. Mwaka 1976: "Ningu watatu. Furu fungu moja, wadogo, watamu." Mwaka 1979: "Furu. Kamongo mmoja, Mama amekataa." Mwaka 1982 furu bado wapo. Halafu, 1985, kwa herufi kubwa: "SANGARA. Kilo nyingi, bei ndogo. Ana mafuta mno, hatujui kumpika." Baada ya hapo neno furu halirudi tena. Ni historia ya ziwa zima kwenye foleni ya feri. Sangara alitiwa ziwani miaka ya 1950, akatulia kwa muda, kisha miaka ya 1980 akalipuka na kuwamaliza furu wa aina mamia. Mwenye jineri hakuulizwa, mvuvi hakuulizwa, na baba aliona tu kwamba fungu la samaki wadogo limepotea sokoni. Siku hizi minofu ya sangara husafirishwa Ulaya, na sisi wa Mwanza tunayajua mapanki, yale mafupa yenye kichwa yanayobaki kiwandani. Nilinunua sato wa kukaanga. Mama alisema furu wa kukausha walikuwa na harufu ambayo hakuna samaki wa leo anayo, na mama muuzaji, mwenye umri kama wangu, akaitikia, "Kweli kabisa, mama," ingawa nadhani hajawahi kuwaonja.

Ni wakati wa kusoma kwa sauti ndipo nilipoliona jambo. Mdogo wangu alikuwa ananisikiliza huku anafuta kioo.

"Rudia hapo."

Nikarudia. "Kisorya. Saa 5. Imejaa. Tumeiacha."

"Umesoma hivyo hivyo ukurasa uliopita."

Nikarudi nyuma. Alikuwa na haki. 1976: "Imejaa, tumeiacha." 1977, kivuko cha Kigongo: "Imejaa. Tumeiacha. Ya pili nayo. Tumelala." 1981: mende wamekula, yamebaki "...jaa. Tume..." na nyuma yake tiketi ya siku iliyofuata. Nilichodhani ni feri mbovu na foleni ndefu, kwa sehemu kubwa kilikuwa ni baba mwenyewe. Feri ilifika, nafasi ilikuwapo, akaangalia watu waliomo, akakataa. Tuliyoyaita matembezi yetu ya Juni, ile kukaa ufukweni, kuchimba mchanga, kula mahindi ya kuchoma mpaka giza, yalitokana na mtu mzima aliyerudisha Land Rover nyuma mbele ya madereva wote waliokuwa wakimpigia honi. Nakumbuka honi. Nakumbuka pia nilimuonea aibu.

Mama alikuwa anamenya karanga. Hakusema kitu, na Mama si mtu wa kunyamaza.

Feri ikaja. Haikuwa imejaa. Tukapanda.

Jumapili, Ukerewe

Misa Nansio, ndefu, kwaya nzuri. Baadaye tulikwenda Murutunguru kwa mwenyeji wetu, mjane wa karani aliyefanya kazi na baba, ambaye amekuwa dada wa Mama tangu enzi zile tulipolala kwake sote kwenye mkeka mmoja. Kisiwa hiki ndicho kikubwa kuliko vyote vya ziwa hili, lakini kwa utoto wangu kilikuwa ni uwanja wake tu, mwembe wake, na moshi wa jiko lake.

Geti la jineri lilikuwa limefungwa. Tukaangalia kwa nje. Mdogo wangu alisema anakumbuka mtetemo, kwamba ukikaa chini mashine zikiwa zinafanya kazi ulikuwa unausikia makalioni. Mimi nakumbuka nyuzi za pamba kwenye nyusi za baba.

Chakula kilikuwa ugali wa muhogo na sato wa nazi, machungwa ya kisiwani baadaye. Kama ilivyo Ukerewe, mazungumzo hayakuchukua muda kufika kwenye MV Nyerere, kivuko kilichopinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikiwa karibu na gati la Bwisya, Ukara. Watu zaidi ya 200 walikufa. Ilikuwa siku ya gulio. Mwenyeji wetu alitaja wa kwake, polepole, mmoja mmoja, na alipomaliza kimya kikakaa.

Hapo ndipo Mama aliposema, "Mnajua shemeji alifia wapi?"

Mdogo wangu alidhani anaongelewa yeye.

"Yule mwenyewe. Mwenye jina."

"Ziwani," nikasema. Ndivyo tulivyoambiwa siku zote: alikufa maji.

"Ziwa lote hili?"

Ilikuwa Busisi, kwenye kivuko cha Kigongo, upande wa pili wa ghuba. Baba mdogo alikuwa amepata barua ya kazi Mwanza na alitakiwa kuripoti Jumatatu asubuhi. Jumapili ile feri ilikuwa mbovu. Kulikuwa na mtumbwi uliokuwa unavusha watu, umeshapakia kuliko uwezo wake, pamoja na baiskeli. Baba alikuwa amemsindikiza. Baba mdogo alisita, akasema angoje kesho.

"Baba yenu ndiye aliyemwambia awahi," Mama akasema. "Basi. Akawahi."

Akamgeukia mwenyeji na kumuomba maji ya kunawa.

Mdogo wangu alitoka nje kwenda kuangalia oili ya gari, ambayo tuliiangalia asubuhi. Nilibaki na madaftari mapajani, nikashindwa kuyafungua na nikashindwa kuyaweka chini. Nilichokuwa nakiwaza ni kitu kidogo sana: kwamba katika kurasa zote zile, kila feri iliyoachwa imeandikwa saa yake, na hakuna hata moja iliyoandikwa sababu.

Jumatatu

Rugezi, Kisorya, Bunda, Lamadi, Mwanza. Siku nzima barabarani. Mama alilala, au alifumba macho. Tumefika Kirumba usiku, umeme umekatika.

Jumanne, Kigongo na Busisi

Kutoka Mwanza unapita Usagara, halafu Kigongo, na hapo barabara haishuki tena majini. Inapanda. Daraja lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025, lina urefu wa kilomita 3 na limepewa jina la John Magufuli, aliyekuwa rais ujenzi ulipoanza. Feri ilichukua zaidi ya nusu saa kuvuka, ukishaipata. Kuipata ndiko kulikokuwa shughuli.

Mama aliomba mdogo wangu aende taratibu. Alikwenda taratibu. Maji yalipita kushoto na kulia, nguzo ndefu za katikati zikaja na nyaya zake, zikapita.

"Tumefika?" Mama akauliza.

"Tumeshavuka, Mama."

"Wapi?"

"Hapa ni Busisi."

"Hamjanionyesha kitu."

Saa yangu ilikuwa imehesabu dakika nne na ushee. Kwenye daftari la 1977, kuvuka hapa kumechukua kurasa tatu: tiketi, lebo ya soda ya chungwa, hesabu ya mahindi, mchoro wa injini ya feri aliouchora baada ya kumbembeleza fundi wake amruhusu kuiona, na jina la mtoto wa watu tuliyecheza naye mpaka tukagombana. Kwa daraja hili ungebandika nini? Hakuna hata pa kusimama.

Nisieleweke vibaya. Mtu anayeililia foleni ya Kigongo hajawahi kukaa ndani yake na mgonjwa. Hospitali ya Sengerema ilikuwa inapeleka wagonjwa wake hospitali ya Bugando, Mwanza, na gari la wagonjwa liliingoja feri kama malori ya ng'ombe yalivyoingoja. Wapo akina mama waliojifungulia kwenye foleni ile. Baba angelipenda daraja hili kupita kiasi. Angetaka kujua kina cha nguzo, angesema boliti fulani haijakazwa, angebandika karatasi ya ganda la biskuti na kuandika "Safi."

Mama alitaka kushuka gatini, kwa hiyo tukashuka. Njia ya zamani ipo, imeanza kuota majani kingoni. Vibanda vingi vimefungwa. Dada mmoja anayekaanga samaki aliniambia wenzake wamehamia kule juu magari yanakopita, yeye amebaki kwa sababu wavuvi bado wanakula. Hakulalamika sana. Mwanawe, alisema, sasa anafika shule Mwanza kwa bodaboda na daladala bila kulala njiani.

Mama alimuuliza kijana aliyekuwa anashona nyavu mitumbwi ya kuvusha watu ilikuwa inatia nanga wapi zamani.

"Zamani ipi, bibi?"

"Kabla ya Azimio la Arusha."

Kijana akaangalia maji, akaangalia Mama. Alisema ufukwe umehama, kwamba ziwa lilijaa mwaka 2020 likala eneo kubwa, na kwamba labda ni pale, akaelekeza mahali palipokuwa na magugu tu. Mama alipatazama kwa muda wa kutosha. Mdogo wangu alisimama nyuma yake mikono mfukoni. Nilifikiri atasema sala au atalia, nikajiandaa kwa yote mawili. Akasema kwamba jua ni kali na kofia yake imebaki garini.

Usiku huo, Sengerema

Tumelala kwa shangazi, dada wa baba. Nilidhani nitamletea habari nzito, nikamsimulia ya Murutunguru kwa uangalifu baada ya chakula. Shangazi aliendelea kuchambua mchele wa kesho.

"Kaka alikuwa anaogopa maji tangu mdogo," akasema. "Alikuwa haogi ziwani. Tulikuwa tunamcheka."

"Wifi, hiyo si sababu," Mama akasema.

"Nasema ninachokijua, wifi."

"Na mimi nimelala naye miaka 40."

"Mimi nimezaliwa naye."

Hapo kikaanza kitu ambacho naona kilikuwa kinangoja tangu mazishi. Shangazi anasema baba hakumwambia baba mdogo awahi. Kwamba marehemu mwenyewe alikuwa kichwa ngumu na barua ya kazi ilikuwa imemlevya, na kaka yake alijitwika lawama isiyo yake kwa sababu ndiye aliyerudi nyumbani peke yake. Mama anasema aliambiwa na baba kwa mdomo wake, usiku, mara moja tu. Shangazi anasema mtu mwenye majuto husema mengi usiku. Walibishana kwa adabu kubwa, wifi huku na wifi kule, mpaka saa 5, wakanywa chai ya rangi pamoja, wakaenda kulala chumba kimoja.

Mimi na mdogo wangu tulibaki barazani. Aliuliza mimi naamini upi. Nikasema daftari haliko upande wowote. Akasema, "Ndiyo, lakini wewe?" Nilimjibu kwamba naona wote wawili wanasema kweli, na yeye akaniambia hilo ni jibu la mwanasiasa. Kisha akaniomba daftari la 1977, akalisoma peke yake kwa tochi ya simu. Tangu azaliwe ameitwa kwa jina la mtu yule na ilikuwa mara ya kwanza namuona anaulizia chochote juu yake. Aliposhindwa kusoma mwandiko alikuja kuniuliza, na nyingi ya sehemu hizo zilikuwa ni bearing.

Jumatano, Kasamwa na Kamanga

Asubuhi tulifika hadi Kasamwa, njia ya Geita, jineri ya mwisho kwenye mzunguko wa baba. Mvua ndogo isiyo ya msimu, matope kidogo, mlinzi mkarimu aliyetuambia turudi siku ya kazi tukiwa na barua. Tukanunua mananasi na kurudi.

Pale Sengerema mdogo wangu aliwasha taa ya kuingia barabara ya darajani. Mama akamgusa mkono.

"Shemeji, kile cha Kamanga bado kipo?"

Kipo. Kinavuka kutoka Kamanga na kukushusha Mwanza mjini kabisa, bandari ikiwa pua na mdomo. Mdogo wangu alieleza kwa heshima kwamba daraja lina kasi zaidi, kwamba ya Kamanga ni njia ya vumbi na foleni haijulikani. Mama alisema amemsikia. Tukaenda Kamanga.

Mama alijiandaa kwa kungoja vizuri sana. Alitandika khanga kivulini, akaagiza mahindi ya kuchoma matatu, akataka limao na pilipili, akavua viatu. Aliniambia nitoe madaftari, kuna mambo anataka kunisahihisha kuanzia 1975. Tulikuwa bado kwenye Bujora, na Bagalu walikuwa wanaelekea kushinda kwa mara nyingine, feri ilipotokea. Ilikuwa nyepesi: magari mawili, pikipiki, wanafunzi, mbuzi. Mdogo wangu akahesabu nafasi kwa macho, akatazama upande wa Mama kabla hajawasha gari.

"Haijajaa," akasema.

Mama naye aliitazama, kutoka nyuma hadi mbele, bila haraka. Hakupata kosa. Akavaa viatu, akakunja khanga, na mpaka tunafunga mlango wa gari alikuwa analalamika kwamba feri za siku hizi hazina ustaarabu, mtu hajafika hata nusu ya hindi lake.